Hewa ya Chumba cha Uyoga

Mkomani, Lamu
Jumanne, 12 Aprili 1966

Phineas kaninunulia daftari hili dukani kwa Abdulghafur, kule Langoni. Kasema, "Edah, malalamiko yako yaandike humu, masikio yangu yamejaa." Haya, naanza.

Nalalamika kuhusu joto. Nalalamika kuhusu mbu, na chumvi inayolowa kila ninapotaka kuitia kwenye mboga, na punda anayelia chini ya dirisha letu kana kwamba amefiwa. Nalalamika kwamba mume wangu ni mwalimu na mchana kutwa yuko shuleni, na mimi niliyesomea kilimo chuoni nimekaa natazama ukuta. Tangu tuhamie hapa Januari sina wa kuongea naye isipokuwa mwenye nyumba, Bi Swafiya, mjane anayeishi orofa ya juu. Sisi tumepanga chini. Kila asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje, Bi Edah?" Namjibu salama. Basi, mazungumzo yamekwisha.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Phineas ni Mtaita, mimi ni Mkikuyu wa Tumutumu, na hakuna anayekubali kushindwa na mwenzake.

Jana wakati wa chai nilimpa neno langu. Mwalimu wangu wa chuoni, Bi Nyaguthii, amenitumia chupa mbili za mbegu za uyoga, aina inayopenda joto. Nitaupanda. Usipotoka kabla mvua za masika hazijaisha, mimi narudi Tumutumu kwa mama, na yeye abaki hapa mpaka Serikali imhamishe. Hakubishana. Aliweka kikombe chini akatoka. Nilitaka abishane!

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimepata chumba. Nilimwomba Bi Swafiya chumba chochote chenye giza, nikidhani atanipa stoo. Akanishika mkono akanipeleka nyuma kabisa ya nyumba, kwenye kile wanachokiita ndani. Hakina dirisha. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kuliko urefu wa mkono wangu, zimepangwa zidaka ambamo zamani walikuwa wakiweka sahani za kauri. Mlango ni mmoja tu, mzito, na komeo lake liko upande wa ndani.

"Humu alizaliwa marehemu mume wangu Abdulhadi," akasema. "Na binti yangu, Mwana, nalimzaa humu. Na Abdulhadi alipokufa, alioshwa humu."

Nikamwambia asante, lakini moyoni nilikuwa napima tu pa kuweka mabua. Jaafar, mwenye punda, ameniletea mabua ya mpunga kutoka Witu. Tumeyaloweka, tumeyafunga mafungu, tumeyapanga sakafuni kama kitanda, nikatia mbegu ya chupa ya kwanza. Nyufa zote za mlango nimeziziba kwa sufi. Siku za mwanzo mbegu hii hutaka joto na hewa nzito, ifungiwe kabisa.

Bi Swafiya ananiuliza kama huo uyoga ni halali. Nikasema mimi sijui mambo hayo. Kasema atamuuliza mwalimu wake wa madrasa.

Jumapili, 24 Aprili

Nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye mabua yote! Chumba kinanuka ardhi baada ya mvua, kinanuka kwetu. Nimekaa humo mpaka kichwa kikaniuma.

Mwalimu wa madrasa kasema ni halali, tena umetajwa kwa wema. Bi Swafiya kafurahi kuliko mimi.

Jumamosi, 30 Aprili

Balaa. Uyoga umetoka lakini si uyoga. Ni vijiti virefu vyeupe, vyembamba, na juu yake kijichwa mfano wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilikaa chini nikataka kulia.

Kisha nikakumbuka alivyotufundisha Bi Nyaguthii. Uyoga si kama mahindi. Mahindi hutumia hewa chafu tunayoitoa sisi, lakini uyoga hupumua kama sisi, huvuta nzuri na kutoa mbaya. Ukiufungia mno, hujaza chumba kwa kabondayoksaidi yake mwenyewe, ndipo shina hurefuka likitafuta hewa na kofia haifunguki. Nilichelewa kuufungulia.

Nikachukua kibatari. Nikakiweka kwenye kidaka cha juu, mwali ukasimama vizuri. Nikakishusha polepole mpaka sakafuni kando ya mabua. Mwali ukanywea, ukawa buluu, ukazimika. Hewa mbaya ni nzito, imetuama chini kama maji kwenye beseni, na uyoga wangu uko humo humo.

Mlango nikiuacha wazi paka wanaingia kulala juu ya mabua. Na mlango mmoja hautoshi, lazima hewa iingie huku itokee kule. Nikaanza kugonga ukuta wa nyuma kwa vifundo vya vidole. Kote panajibu jiwe, isipokuwa sehemu moja katikati panalia debe. Nilichukua bisibisi ya Phineas nikachimba. Nilianza chini, ndiko hewa mbaya iliko, lakini chini pamejengwa kwa mawe makubwa. Pakakubali usawa wa macho yangu. Kufikia adhuhuri nimetoboa, upepo wa kusi ukanipiga usoni. Nikacheka peke yangu mle ndani kama mwehu.

Jumatatu, 2 Mei

Tundu limezibwa kwa kitambaa. Nimekivuta.

Jumanne, 3 Mei

Limezibwa tena, leo kwa sufi. Nimeitoa.

Jumatano, 4 Mei

Kumbi la nazi! Limegongomelewa kutoka upande wa pili mpaka halitoki. Nimelichokoa kwa bisibisi, huku natukana kwa Kikuyu ili malaika wa Lamu wasielewe.

Ijumaa, 6 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa, Abdulghafur mwenye duka alikuja. Hakuingia. Alikaa na Phineas nje kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, akauliza habari za shule, habari za afya, habari za mvua, mpaka nikajua kuna jambo. Nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza.

"Bwana mwalimu," akasema hatimaye, "lile tundu lina mato."

"Macho gani?"

"Upande wa pili ni kiwanda cha Bi Hindu, ua wake wa ndani. Ndipo yeye na wake za wanawe wanapika, wanachana nywele, wamekaa bila ya buibui. Nawe huingia mle chumbani kumtekea mkeo maji."

"Wallahi sijachungulia!" Phineas, Mkristo wa watu, kaapa wallahi.

"Hakuna anayesema umechungulia. Lakini tundu liko, na mwanamume yuko. Sitara ya watu imetoboka."

Hapo nikashindwa kujizuia, nikatoka. "Bwana Abdulghafur, mimi ndiye niliyetoboa, na uyoga wangu unakufa kwa kukosa hewa! Kwani huyo Bi Hindu anaogopa uyoga utamchungulia?"

Abdulghafur akatazama viatu vyake. Phineas akanitazama mimi. Nikaona haya, nikarudi ndani. Nimeahidi Phineas hatakanyaga tena mle chumbani. Jibu limekuja kabla ya magharibi: Bi Hindu anashukuru, lakini tundu litazibwa.

Nalalamika kuhusu mji huu ambao hata hewa inaombewa ruhusa.

Jumamosi, 7 Mei

Bi Swafiya kanieleza kisa. Pale nilipochimba palikuwa na mlango. Bi Hindu ni wifi yake, dada wa tumbo moja na marehemu mumewe. Hapa nyumba za jamaa huwekewa mlango wa ndani ili wanawake waendeane bila kutoka nje ndiani. Yeye na Bi Hindu walipitia mlango ule kutwa mara ngapi, kuazimana kinu, kuonjana mchuzi. Ilikuwa imeshasemwa tangu utotoni kuwa Mwana ataolewa na Shekhan, mtoto wa Bi Hindu. Mwana alipokua akamkataa binamu yake, akaolewa na mtu wa Pate.

"Harusi haiyesha, Hindu kamleta fundi," akasema Bi Swafiya. "Nalikaa upande huu nikisikia mawe yakipangwa. Hakuniaga."

"Na wewe hukusema kitu?"

"Nalisema nini? Kwangu mimi ndiko kulikovunjwa ahadi."

Nikamshika mkono. Si kawaida yangu.

Jumamosi, 14 Mei

Uyoga wa kwanza wote umeoza. Bi Swafiya alinisaidia kuyatoa mabua, kikapu kwa kikapu, na yeye ni mtu mzima ambaye magoti yanamuuma. Kasema, "Pole, mwanangu. Hata humu ndani si kila mimba ilisimama." Niliingia chumbani kwangu nikalia sana.

Alhamisi, 19 Mei

Mvua.

Jumatatu, 23 Mei

Mvua. Jaafar hana mabua, bahari imechafuka na hakuna anayevuka kutoka bara.

Ijumaa, 27 Mei

Phineas kauliza kama nimeandika barua kwa mama, kumjulisha nakuja lini. Kasema kwa upole, bila kunitazama. Nimemjibu bado chupa moja. Kwa nini nilijibu kwa ukali sijui.

Alhamisi, 2 Juni

Mabua yamefika. Chupa ya pili, ya mwisho, nimeitia leo. Ikiharibika hii, sina nyingine, na mvua haitangoja.

Jumatano, 8 Juni

Nyuzi zimetambaa. Safari hii sitangoja mpaka uyoga uniombe hewa. Nimeanza kuupepea. Nafungua mlango, nachuchumaa, na kwa pepeo la ukili naifagia hewa ya sakafuni kuelekea nje, kama anayemfukuza kuku. Nikimaliza naweka kibatari chini. Kikisimama, nafunga mlango. Kikinywea, naanza upya. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Mikono inaniuma kama niliyelima shamba zima.

Leo adhuhuri Bi Swafiya alikuja na pepeo lake. Akakaa kwenye kigoda chake upande wa pili wa mlango akaanza kupepea bila kuuliza.

"Huu uyoga wako una dhiki kama bibi harusi," akasema.

Nikacheka mpaka nikaangusha pepeo. Tumepepea na kupiga soga mpaka alasiri. Kanifundisha namna ya kuoka mkate wa mofa. Nimemfundisha kusema "wĩ mwega", salamu yetu ya Kikuyu, na kasema neno hilo ni zuri, lataka kusemwa na mtu aliyeshiba.

Nadhani hii ni mara ya kwanza kuandika humu nikiwa sina la kulalamikia. Ngoja nitafute. Punda, basi.

Ijumaa, 10 Juni

Vimetoka! Vidogo, vyeupe, vya mviringo, kama shanga zimetawanywa. Bi Swafiya kasema tusivihesabu, tusivitaje kwa sauti. Nimemtii.

Jumapili, 12 Juni

Homa. Nimeshindwa kusimama. Nani atapepea?

Jumatano, 15 Juni

Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu. Nitaandika yote.

Jumatatu asubuhi Phineas alikwenda shuleni akiniacha nimejifunika mablanketi mawili, natetemeka. Bi Swafiya aliniletea uji. Nikamwambia, "Uyoga haujapepewa tangu jana, utakufa, nami mambo yangu yatakuwa yamekwisha." Akanifuta uso. "Nyamaza ulale. Mimi niko."

Nililala. Nilipoamka nikasikia harufu ya ubani, harufu nzuri, nikafikiri anafukiza nyumba kama anavyofanya siku zote. Kisha nikasikia sauti yake ikisoma Yasini, na sauti inatoka kule ndani. Nikajikokota mpaka mlangoni. Umefungwa. Nikausukuma, na komeo limepita. Chini ya mlango, ile sufi niliyozibia nyufa mimi mwenyewe bado ipo.

"Bi Swafiya! Umeingia na moto?"

"Nasoma, mwanangu. Ngoja nimalize."

"Moto wa makaa humo? Fungua! Hewa ya humo itakuua!"

Akaendelea kusoma. Wao wakifukiza ubani kwa nia wanafunga mlango, moshi usipotee. Na mimi nilimwambia mara ngapi kuwa hewa ya chini ni mbaya? Lakini nilimwambia kuwa ni mbaya kwa uyoga. Sikumwambia kwamba ni mbaya kwa mtu. Ile iliyotolewa na uyoga tangu jana imejaa sakafuni, naye kaketi juu ya mkeka na chetezo cha makaa mbele yake.

Sauti ikawa nzito. Ikaruka maneno. Ikanyamaza.

Niliupiga ule mlango kwa mabega na kwa miguu. Mlango wa mti mgumu namna ile, na homa yangu, ungedhani napiga mlima. Nikatoka mbio nje, miguu mitupu, kanga moja, mvua inanyesha, nikazunguka nyumba mpaka mlango wa Bi Hindu nikaugonga kwa ngumi zote mbili.

Akafungua mwenyewe. Mwanamke mrefu, mkavu, macho makali. Nilikuwa sijawahi kumwona uso.

"Bi Swafiya kajifungia kule ndani na moto wa makaa," nikasema. "Hajibu."

Hakuniuliza mimi ni nani. Aligeuka, akakimbia kiwandani, nami nyuma yake. Alivuta kitambaa kwenye tundu, moshi wa ubani ukatoka. Akaweka mdomo wake pale. "Swafiya! Wifi! Nijibu!"

Kimya.

Mchi ulikuwa umesimama kwenye kinu kando ya jiko. Akaukamata kwa mikono miwili akaupiga ukuta. Yule mwanamke! Akapiga pale pale penye tundu, chokaa ikaanguka, jiwe likatoka, akapiga tena. Wake za wanawe wanapiga mayowe. Mimi navuta mawe kwa kucha. Kila pigo anasema, "Hukuniaga! Hukuniaga, nawe sasa wataka kwenda!" Tulipopata upenyo wa kupita mtu, akainua mguu aingie. Nikamshika mkono.

"Ngoja! Usivute hewa ya humo, wala usikae chini. Vuta pumzi hapa, uizuie. Tumshike, tutoke."

Tukavuta pumzi pamoja, tumeshikana mikono kama watoto wanaorukia maji. Ndani hakuonekani kitu. Nikakanyaga mabua, nikapapasa, nikashika bega. Kaanguka ubavu karibu na mlango, mkono umenyooshwa kulifuata komeo. Bi Hindu akamshika kwapa moja, mimi la pili, tukamburuta juu ya mawe, tukamlaza kiwandani mvuani.

Alikuwa mzito na amelegea. Bi Hindu kampiga makofi, kamwita kwa jina, kamtolea shahada sikioni. Nami nimempakata kichwa, nasali kwa Kikuyu, naahidi Mungu vitu ambavyo sina. Mvua inampiga usoni. Kisha akakohoa. Akatapika. Akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Chetezo changu kimevundika?" akauliza.

"Chetezo!" Bi Hindu akapiga kelele. "Nusura ufe, mwanamke wewe, wauliza chetezo!" Akamlalia kifuani akalia kwa sauti, na Bi Swafiya, hana nguvu hata ya kuinua kichwa, akawa anampapasa mgongoni.

Asante, Mungu. Asante. Sina lingine la kuandika leo.

Alhamisi, 16 Juni

Bi Swafiya anakunywa maziwa. Kichwa bado kinamuuma. Nimemuuliza kwa nini alijifungia. Kasema kufukiza ubani ni desturi, mbona sioni wao wanafukiza kila siku? Nimemwambia siku nyingine hajifungii. Kageukia ukutani.

Jumamosi, 18 Juni

Fundi alikuja kuulizwa ajenge tena ule ukuta. Bi Hindu kamfukuza kabla hajatua kikapu. Kizingiti cha zamani kimeonekana chini ya mawe, bado kizima. Wameyatoa yote mpaka chini. Badala ya mlango wametundika jamvi la ukili, lililosukwa wazi wazi. Macho hayapiti, hewa inapita.

Jioni niliweka kibatari sakafuni, mlango wetu wazi, jamvi limening'inia. Mwali ulicheza kidogo kwa upepo, ukasimama. Wanawake wote wa nyumba ile wakaja kuutazama, na Bi Hindu kaniambia niwaeleze. Nikaeleza kuhusu hewa nzito na hewa nyepesi, na kwa nini mtu asiketi na makaa chumba kilichofungwa. Nilisimama mbele yao kama mwalimu. Maswali waliyouliza hata chuoni hatukuuliza.

Jumatatu, 20 Juni

Nusu ya uyoga ilikanyagwa siku ile. Nusu iliyobaki inanenepa. Sitaki kusema zaidi.

Jumamosi, 25 Juni

Umetoka! Kofia nzima, nene, rangi ya majivu juu na nyeupe chini, zimefunguka kama miavuli. Bi Hindu kaupika kwa tui zito na pilipili, kisha akasimama nao mbele ya Bi Swafiya mpaka aonje. Bi Swafiya akaonja. Akatafuna sana. "Ni kama nyama iliyosoma," akasema. Sijui maana yake lakini alirudia mara tatu. Sahani ya Phineas ilipitishwa chini ya jamvi.

Ijumaa, 1 Julai

Bi Hindu hanikumbushi mama yangu hata kidogo. Mama husema polepole. Huyu ananikaripia tangu asubuhi: kanga nimefunga vibaya, samaki nimemkwangua vibaya, mbona umekonda namna hii, mwalimu hakulishi? Nami namjibu. Wake za wanawe huziba midomo wakicheka. Zamani nilidhani mtu huyu ananichukia. Anakaripia watu anaowataka wawepo, na wale asiowataka anawajengea ukuta.

Jumanne, 5 Julai

Jua. Nguo zimekauka siku moja.

Alhamisi, 7 Julai

Mvua zimeisha. Kila mtu anasema.

Mwana, binti wa Bi Swafiya, kafika leo na mume wake kwa ajili ya maandalizi ya Maulidi. Walipanda mashua Mtangawanda, huko Pate, alfajiri. Aliposikia mlango umefunguliwa, alisimama upande wetu wa jamvi, kashika tumbo lake, maana ni mjamzito, akiogopa kupita. Bi Hindu kasema kutoka kule, "Ndoo, mwari, pita. Au wangoja nije na mchi?" Mwana akapita. Nikasikia vilio, kisha vicheko, kisha habari za nani kazaa na nani kafa.

Alasiri Phineas aliporudi shuleni aliniita mlangoni mwa chumba cha uyoga. Haingii, alishaahidi. Alikuwa amekunja karatasi mkononi.

"Edah, uhamisho wangu umekubaliwa. Shule moja kule Karatina. Utakuwa karibu na mama."

Nikaitazama ile karatasi. "Uhamisho gani? Nani aliomba?"

"Mimi. Tangu Aprili, siku ile ile uliyonipa neno lako. Nilitoka pale nikaenda nikaandika." Akasugua kidevu. "Sikutaka uondoke peke yako. Lakini nao uyoga umetoka, na nakuona siku hizi unacheka. Wanataka jibu wiki hii. Nimeona nikuulize wewe."

Kumbe ndiyo maana hakubishana. Mimi nilikaa miezi mitatu nikimlaumu kwa kutobishana! Nilitaka kumkumbatia lakini nyuma ya jamvi, walikokuwa wakipika uyoga, soga zote zilikuwa zimekatika. Hata vijiko vimenyamaza.

Kisha sauti ya Bi Hindu: "Bwana mwalimu, samahani, mimi huku nasikia, siwezi kujifanya sisikii. Wifi yangu hasemi, basi nasema mimi."

"Hindu, nakuomba," Bi Swafiya akasema.

"Nasema! Tangu ule mwezi wa Aprili alimsikia mkeo akisema uyoga usipotoka anakwenda zake. Yule binti yake ameolewa mbali, mimi nalimzibia mlango, na nyumba ile kubwa alikuwa na nani? Homa ilipomshika mkeo, alikwenda kule ndani na Yasini na ubani akamuombe Mungu uyoga utoke, mkeo asiende. Akafunga komeo ili dua isikatizwe. Kwa ajili hiyo nusura afe. Haya, Bi Edah, sasa mjibu huyo Bwana, na umjibu ukijua."

Nilishikilia mlango. Niliukumbuka mkono wake ulivyonyooka kulifuata komeo. Mimi nilimpa salamu za "salama, basi" miezi mitatu, naye alikuwa juu akihesabu mvua pamoja nami, kila mmoja kwa hofu yake.

Mama yangu nampenda. Ningeweza kuwa naye kabla mwezi huu haujaisha. Nitakwenda kumwona likizo ya Desemba, na atanielewa, au atanikasirikia kisha anielewe.

"Waandikie," nikamwambia Phineas, kwa sauti ya kusikika pande zote. "Waambie tunashukuru sana, lakini hatuendi. Na Jumamosi upite kwa Jaafar, alete mabua mengine. Bi Nyaguthii nitamwomba mbegu."

Phineas akaikunja ile karatasi ndogo zaidi na zaidi, akaitia mfukoni, na uso wake wote ukafunguka. Kule nyuma ya jamvi Bi Swafiya akaanza kulia kwa kwikwi, bila ya kujificha.

"Swafiya, wata kulia, nyamaza," akasema Bi Hindu, "uyoga unaungua!"

Nikainua jamvi, nikaenda kuugeuza.